Ushauri: kuta za ndani za nyumba ya paneli, plasta au jipsamu?

Kiwanja_Kabale: Wakuu, nyumba yangu ya paneli (bati mbili, katikati kizuia joto) imesimama. Ndani ni bati jeupe tupu, mke wangu anasema tunalala kwenye friji. Fundi anataka kufunga wavu wa kuku apige plasta. Ni sawa?

Nyundo: Usipige plasta. Saruji haishiki kwenye bati lenye rangi laini. Halafu jua likipiga, bati la nje hurefuka kuliko la ndani; kwa mita 3 na tofauti ya joto ya nyuzi 30 ni karibu milimita 1. Paneli inapinda kidogo, usiku inarudi. Plasta haifuati, inapasuka na kubanduka pamoja na wavu wake.

Simamisha fremu ya chaneli (vyuma vyembamba vilivyokunjwa) inayojitegemea: moja sakafuni, moja juu, nguzo kila sentimita 60. Usiitegemeze kwenye bati, ni jembamba, skrubu zinachomoka. Bodi ya jipsamu milimita 12.5, skrubu za milimita 25 kila sentimita 30. Acha sentimita 1 chini isinyonye maji ya kupigia deki. Maungio ni tepu na filla, mikono mitatu.

Mama_Shamim: Matofali ya kuchoma yamejaa Uganda nzima, wewe ukakimbilia mabati! Vijana mnapenda njia za mkato.

Spana: Katikati ya paneli kuna nini? Na waya za umeme zimepita wapi?

Kiwanja_Kabale: Muuzaji alisema ni za kisasa. Unene milimita 75.

Spana: Hujajibu, ssebo. Angalia kwenye tundu la swichi.

Kiwanja_Kabale: Zinatoka punje nyeupe nyepesi. Waya zimesukumwa humohumo bila paipu. Lakini ni waya mpya, fundi wa umeme keshalipwa, na saruji mifuko 9 nishanunua.

Spana: Basi mambo ya plasta weka kando kwanza. Hiyo ni polistirini, povu la plastiki. Ikigusana na waya wenye ganda la plastiki ya PVC inaunyonya kilainishi chake, ganda linakauka na kupasuka. Makali ya bati nayo yanachuna. Yenyewe hulainika kabla joto halijafika nyuzi 100, na ikishika moto inayeyuka huku inawaka. Chomoa waya zote, zipite kwenye paipu nyuma ya jipsamu, na mabati yaungwe na ethi (waya wa ardhini). Jipsamu ina maji ndani, karibu 21% ya uzito wa jipsamu yenyewe, ndiyo maana inachelewesha moto. Gundi yenye thina usiisogeze hapo, inakula polistirini.

Jicho_Kali: Mnachezewa. Friji, punje, mifuko 9... uzi wa kutunga huu. Sasa hivi atatokea muuza jipsamu na namba ya simu. Picha ziko wapi?

Zee_la_Jinja: Kama ni za kutunga, hizo saruji za kutunga niletee, nina choo cha kumalizia.

Nyundo: Hata akiwa katunga, kuna anayesoma mwenye waya kama hizo.

Kiwanja_Kabale: Picha MB zikirudi. Chumba mita 4 kwa 3, kimo 2.4, bodi ngapi? Na nikijaribu plasta chumba kimoja tu?

Nyundo: Bodi za 1.2 kwa 2.4 ni 12, ongeza 1 ya kukatika; mlango usiutoe kwenye hesabu. Ziba maungio ya paneli kwa silanti kabla ya kufunika, baadaye huyafikii. Plasta hata chumba kimoja hapana. Saruji malizia varanda.

Kiwanja_Kabale: Fundi wa umeme hapokei simu.

Spana: Tafuta mwingine mwenye leseni. Na swichi kuu izimwe leo.