Ati "wewe shika printa"?? MIMI?? Leo nimetukanwa jamani

Naandika nimekaa kwa ngazi za ofisi, mikono yatetemeka, hata mahamri sijala. Yule bwana mkubwa, mnamjua nyote msinifanye nimtaje, yule hawezi kuomba hata chai bila kutamka "akitekcha" (usanifu wa mifumo) mara kumi, leo mbele ya wateja, WATEJA, kanitazama juu mpaka chini akasema haya ni mambo ya watu wa mifumo mikubwa, wewe shika printa.

Shika printa!!

Na kosa ni lake wallahi. Mfumo ni wa mawakala wa kutoa mizigo bandarini. Asubuhi wa kwanza kuingia ni dada mmoja, tumwite Mwanaisha, basi toka saa mbili mpaka adhuhuri Mombasa nzima ikawa Mwanaisha. Mzee wa ndevu mpaka kifuani aingia, "Karibu Mwanaisha". Paka wa mlinzi angekanyaga kibodi naye angekuwa Mwanaisha.

Mimi kile kidude cha "nani kaingia" nlikisajili skopu, yaani kila ombi likija konteina yaunda kipya, ombi likiisha chatupwa (konteina ya programu, ile inayounda na kugawa vidude, si hizi za Kilindini), kwa sababu chasoma jina pale kinapozaliwa na hakisomi tena. Yeye kaenda kakichomeka kwenye konstrakta (pale kitu kinapoundwa) ya huduma yake ambayo ni singletoni, iko moja tu na haifi mpaka seva izimwe, sasa kikishaingia mle chatokaje? Muuza kahawa ana dele moja la watu wote, sawa, lakini vikombe si kila mtu chake? Huyu kafunga kikombe kimoja na mnyororo kwenye dele, alokunywa wa kwanza mate yake twayanywa sote. Na .NET, hiyo tunayojengea programu, ilimkataza! Kwa laptopu zetu programu iligoma kuwaka, ikasema singletoni haiwezi kutumia kitu cha skopu, yeye akauzima ule ukaguzi ati wamchelewesha. Dawa yake ni kuwasha seva upya, "mnaona imepona", dakika mbili kaingia Athumani kwanza, wote ni Athumani.

Nikanyanyua mkono kwa adabu, mkubwa, laiftaimu (umri wa kila kidude) zimegongana hapa. Ndo akanipa ile. Shika printa. Mteja mmoja akacheka akajifunika na faili.

kashata_mbili: Pole Mwanaisha

wa_Kibokoni: 😂😂 Mwanaisha kunywa maji kwanza

Chumvi_Tudor: Huyo namjua, kwetu aliingiza DbContext, kile cha kuongea na hifadhidata, ndani ya singletoni, watu wawili wakiuliza pamoja yalia kazi ya pili imeanza ya kwanza haijesha. Akasema ni intaneti.

babu_java: Nyinyi mna bahati mnakatazwa. Huku Spring ya Java usiposema kitu kila bini (kidude cha konteina) ni singletoni, na ukichomeka prototaipu (kipya kila kikiombwa) ndani yake yaundwa mara moja basi, wala haikupigii kelele. Na hiyo prototaipu konteina haikuulii, safisha mwenyewe.

Chumvi_Tudor: Babu hakuna alouliza Java

babu_java: Mshahara wangu wauliza

mpanda_feri: Afadhali nyinyi mna mshahara. Mimi tarehe 14 hii naambiwa "iko kwa sistimu". Na leo Likoni nimesimama juani mpaka shati limenigandia, kufika bosi aniuliza mbona nimechelewa, ye akaa Nyali.

kashata_mbili: Usiguse Nyali, huku maji yaja kwa boza

mwenye_uzi: Jamani tulikuwa kwa printa. Alisema nishike PRINTA.

wa_Kibokoni: Kwani hujui kushika?

mpanda_feri: Boza moja mwanunua ngapi sikuhizi?

kashata_mbili: Usiniulize ntalia

dada_wa_akaunti: Samahani wakuu, kwa kuwa printa imetajwa, yangu imetafuna karatasi na nina ankara za kutoa kabla ya saa kumi, yawaka taa ya rangi ya chungwa tu

mwenye_uzi: Zima kwanza. Fungua mlango wa nyuma, vuta karatasi kwa mikono miwili polepole usiichane, kisha toa trei upangilie upya.

dada_wa_akaunti: Imekubali! Ahsante sana kaka

babu_java: 😂😂😂😂