Kidonda cha mguu wa kisukari: asali, ayodini au maji ya chumvi?

Kijana_wa_Moro: Wakuu, salaam. Mzee wangu ana miaka 63, sukari anayo mwaka wa 11 huu. Wiki tano zilizopita alishinda kutwa na msumari ndani ya kiatu bila kuhisi kitu, mpaka mama alipoona soksi imelowa damu. Sasa ana kidonda chini ya kidole gumba, kadiri ya sarafu ya mia, pembeni sugu nyeupe ngumu. Hakimuumi hata kidogo. Zahanati wanamsafisha kwa ayodini kila siku. Baba mdogo kaleta asali ya Tabora, anaapa ndiyo tiba. Jirani anataka tumwagie unga wa kapsuli. Kipi bora?

Mpenda_Kahawa: Asali mkuu. Bibi yangu aliungua maji ya moto, wiki mbili tu kikafunga.

Nesi_Mstaafu: Mpenda Kahawa, wa bibi ulikuwa moto. Huu ni mguu uliokufa ganzi, mambo mengine kabisa.

Kijana, pole. Ayodini inaua vijidudu lakini haijathibitika kuharakisha kupona. Asali nayo, mwongozo wa 2023 wa wataalamu wa kimataifa wa mguu wa kisukari (IWGDF) hauishauri, achilia mbali kwamba ya kwenye chupa ya konyagi haijasafishwa kwa ajili ya kidonda. Maji ya chumvi ya hospitali na gozi safi inayotunza unyevu vinatosha. Kapsuli msimwage. Ile dawa ya povu (haidrojeni peroksaidi) pia iacheni, inaunguza nyama changa.

Sasa nikuulize: mzee anatembelea nini? Kila hatua anakiponda kile kidonda, na kwa kuwa hakiumi, hachechemei. Hiyo sugu ikatwe na mtaalamu kwa kisu, msijaribu nyumbani kwa wembe. Kisha mguu uondolewe uzito. Kwa kidonda cha unyayo cha ganzi, kinachoongoza ni hogo maalumu (plasta ngumu kama ya aliyevunjika) la kufika chini ya goti, ila kwanza wapime mapigo ya damu mguuni na wahakikishe hakuna maambukizi makali. Waulize pia kama kimefika kwenye mfupa, wapige eksirei. Sukari yake ikoje?

Kijana_wa_Moro: Inacheza 13 hadi 16. Anavaa kandambili. Msikiti uko mbali kidogo, na anakwenda swala zote tano.

Binti_Pwani: Sisi tulibadilisha dawa miezi minne, hakuna aliyemvua mama malapa. Vidole viwili vilikatwa. Mkiona mguu umevimba, unanuka, umekuwa mweusi au ana homa, ni hospitali siku hiyohiyo, msisubiri asubuhi.

Nesi_Mstaafu: Na mkipime kwa rula kila wiki. Wiki nne za matunzo sahihi zikipita na eneo lake halijapungua nusu, mpango ubadilishwe, sio dawa ya kupaka tu.

Kijana_wa_Moro: Mrejesho: tulimpeleka kliniki ya kisukari. Sugu ilipokatwa, shimo lilikuwa kubwa kuliko tulivyodhani, ila mfupa haujaguswa na damu inafika vizuri. Wamemwanzishia insulini, hogo anafungwa Jumatatu. Asali tunanywea chai, asiyeruhusiwa ni mzee tu. Kandambili nilizificha. Jana jioni nimemkuta kibarazani kwa jirani anacheza bao, kaenda na viatu vya mama.