Tupeane uzoefu: umewahi kunyimwa kazi kwa sababu isiyohusu kazi?

Habari za jioni wakuu. Hili nimekaa nalo tangu wiki iliyopita, ngoja nilitoe.

Jumanne niliitwa kwenye usaili wa uhasibu, kampuni moja binafsi hapa Dar. Nina mtoto wa miezi mitano. Nikamnyonyesha saa kumi na moja alfajiri, nikamwachia bibi yake maziwa kwenye kikombe, nikagombania daladala Mbagala. Tuliambiwa saa tatu, mimi nikaingia saa saba.

Jopo la watu watatu. Maswali ya kazi yalikuwa mawili tu: ritani za VAT, na namna ya kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Nikayajibu vizuri. Aliyekaa katikati akafunga faili. "Umeolewa?" Ndiyo. "Mtoto?" Mmoja. "Akiugua usiku na kesho yake tunafunga hesabu za mwezi, nani anampeleka hospitali?" Nikamwambia ana baba, ana bibi. Hapo maziwa yameshaanza kulowanisha blauzi, nikajifunika na bahasha ya kaki yenye vyeti. Akaona. "Basi dada, tutakupigia."

Kijana aliyeingia baada yangu ana watoto wawili, tulipiga naye stori kwenye benchi. Alipotoka nikamuuliza kama ameulizwa habari za watoto. Akacheka. Yeye ameulizwa anataka mshahara kiasi gani.

Na nyie semeni yenu. Majina ya kampuni tuyaache.

Mdau wa Mwanza: Pole dada. Mimi yangu ni kinyume, na nina aibu nayo kidogo. Mwenye ofisi alisoma jina langu la ukoo, akaniamkia kwa kilugha. Nikaitikia. Tukaongea habari za kijijini, mvua, nani amefariki, karibu dakika ishirini, Kiswahili kimekaa pembeni. Kazi nikapata. Miezi kadhaa baadaye karani akanionyesha karatasi ya alama: nilikuwa wa tatu. Wa kwanza alikuwa binti wa kutoka kusini. Mpaka leo nikipita pale mapokezi nafikiria alirudije kwao siku ile.

Mdau wa Morogoro: Tangazo nililoliona mwezi jana: umri usizidi miaka 28, uzoefu miaka 10. Huyo alianza kazi akiwa na kaptula ya shule.

Mdau wa Dodoma: Natembea kwa magongo. Usaili uliwekwa ghorofa ya nne, lifti mbovu. Nikapanda ngazi moja moja, nikafika jasho linatiririka mpaka kwenye karatasi. Hawakuniuliza chochote kuhusu kompyuta, na ndiyo kazi niliyoomba. Wakasema wananionea huruma kwa zile ngazi, hivyo "kwa usalama wako" nitafute sehemu ya chini. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inataka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 awe na asilimia 3 wenye ulemavu. Pale nilihesabu madawati ni zaidi ya hamsini. Huruma sikuiomba, ningeomba lifti.

Mdau wa rasilimali watu, Dar: Nimekaa upande wa pili wa meza miaka mingi, acha niseme. Vimemo vipo. Unaletewa jina kwenye kikaratasi kabla ya tangazo kutoka, halafu mnawaita watu arobaini kumsindikiza tu mwenye jina.

Dada mwenye mada, kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi wa jinsia, ndoa, ujauzito, kabila, dini, ulemavu, umri, VVU na mengine. Wengi hawajui kwamba kwenye kifungu hicho mwombaji wa kazi anahesabiwa kama mfanyakazi. Ukionyesha kwa kuanzia kwamba ulibaguliwa, mwajiri ndiye anayebeba mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua. Unaanzia Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kwa malalamiko kama haya ndani ya siku 60. Tatizo ni ushahidi. Mkitoka usaili andikeni maswali mliyoulizwa siku hiyo hiyo, maneno yenyewe, na nani aliuliza. Na tafuta mwenzako asiyeulizwa.

Mwenye mada: Asante sana mkuu. Maswali niliyaandika kwenye daladala, nyuma ya barua ya wito, mwandiko umepinda lakini unasomeka. Siku bado ninazo.

Yule kijana wa benchi tulibadilishana namba. Jana usiku nimemuuliza kama atakubali kusema kwamba yeye hakuulizwa. Tiki zimekuwa za bluu saa tatu na dakika kumi. Mpaka sasa kimya, na leo asubuhi kaweka picha: shati jeupe, tai, kitambulisho cha kazi shingoni.