Kapiteni asiyependa kusema: nimsaidieje aongoze timu?

Kocha wa Katuba

Ndugu makocha na wachezaji, nawasalimu. Ninafundisha timu ya mpira wa wavu ya wasichana hapa Lubumbashi, upande wa Katuba, na wengi wao wangali shuleni. Kapiteni wetu amehamia Kolwezi pamoja na wazazi wake, na nikiwatazama waliobaki, ninayemwona anafaa kushika nafasi yake ni yule asemaye machache kuliko wote. Ndiye anayewapandishia wenzake mpira, kwa hiyo karibu kila shambulio letu linapita mikononi mwake. Hufika mapema, hufunga wavu bila kuombwa, na mchezaji mgeni akija, haipiti wiki utamkuta amekaa karibu naye. Lakini tukikaa duara baada ya mazoezi nikamwomba aseme neno, anainamisha uso na kujibu kwa sauti ya chini: "Kocha amekwisha kusema yote." Baadhi ya wazazi wananiambia kwamba kapiteni lazima awe na mdomo, na wachezaji wanaomzidi umri, ambao yeye huwaita yaya, yaani dada mkubwa, wanaguna. Je, nimzoeze kuhutubia wenzake hata kama hataki, au cheo nimpe mwingine?

Mwamuzi mstaafu

Kocha, kabla ya kusikiliza wazazi, tuangalie sheria inamdai kapiteni nini. Anakwenda kwenye kura ya sarafu, anatia sahihi karatasi ya mchezo, na mpira unapokuwa umesimama ni yeye peke yake uwanjani anayeruhusiwa kumwomba mwamuzi maelezo. Mchezo ukiisha, anawashukuru waamuzi na kutia sahihi tena. Hakuna mahali anapotakiwa kuhutubia. Katika miaka yangu ya kupuliza filimbi, makapiteni walionipa taabu walikuwa wale wenye maneno mengi, kwa sababu onyo la mdomo lilifuatwa na kadi ya njano, na nyekundu ilipotoka, wapinzani walipewa pointi pamoja na mpira wa kuanzisha. Hata katika soka mambo yanaelekea huko: kwenye michuano ya Ulaya ya mwaka 2024 nchini Ujerumani iliagizwa kwamba kapiteni peke yake ndiye amfuate mwamuzi kuulizia uamuzi, na kazi ya namna hiyo inamtaka mtu mwenye moyo uliotulia.

Dada wa Kampemba

Mimi nilicheza miaka mingi na sasa ni mwalimu wa sekondari. Ningeanza kwa kujua ukimya wake unatoka wapi. Mtu anayechoshwa na kelele za kundi lakini akawa huru kabisa mnapozungumza wawili, huyo ndivyo alivyo na hahitaji dawa. Mtu anayetaka kusema lakini anaogopa kuchekwa ana shida nyingine, na hiyo inaweza kusaidiwa polepole. Hapa kwetu kuna jambo la tatu ambalo makocha hulisahau: waamuzi wengi hueleza mambo kwa Kifaransa, na msichana anayezungumza Kiswahili vizuri sana nyumbani anaweza kunyamaza kwa sababu tu anaogopa kukosea mbele ya watu. Mketishe peke yake, siyo siku ya mchezo, umwulize anaona nini timu ikiwa uwanjani. Nadhani utashangaa, kwa maana anayepandisha mpira huwa anaona kabla ya kocha ni mshambuliaji gani amechoka na ni nani ameanza kuogopa kizuizi cha wapinzani, ile mikono inayoruka wavuni kuzuia mpira.

Baada ya hapo, ile duara ya mwisho achana nayo. Mapumziko ya kocha ni sekunde 30, na kila timu inayapata mara mbili tu kwa seti. Sema wewe kwa sehemu kubwa ya muda huo, kisha umwachie nafasi ya sentensi moja, tena aielekeze kwa mchezaji mmoja: "Mpira unaofuata nakupa wewe, nyuma yangu." Huko ndiko kuongoza. Zile ishara za vidole anazowapa washambuliaji kabla ya mpira kuanzishwa ni amri pia, ingawa jukwaani hakuna anayezisikia.

Golikipa wa Kamalondo

Nawaheshimu waliotangulia, lakini naona mmempunguzia mzigo kupita kiasi. Uwanjani kuna sauti ambayo haina mbadala. Mpira ukianguka kati ya wachezaji wawili waliotazamana, hakuna aliyekosa ufundi. Kilichokosekana ni mtu wa kusema "wangu". Hapo simhurumii mtu kwa sababu ni mpole. Ila sauti hiyo hufundishwa kama anavyofundishwa kupokea mpira: katika zoezi, mpira uliochezwa bila kuitwa hauhesabiwi hata kama umeleta pointi, na sharti hilo liwe la timu nzima, asije akajiona ndiye anayetibiwa.

Kuhusu hotuba nakubaliana nanyi. Mji huu bado unamkumbuka golikipa Kidiaba akirukaruka kwa makalio mwaka 2010, timu yetu ya soka ya Mazembe ilipofika fainali ya dunia ya vilabu kule Abu Dhabi, na labda ndiyo maana tunadhani kiongozi ni lazima aonekane. Tim Duncan, mchezaji wa mpira wa kikapu wa San Antonio, alikuwa kinyume chake, mtu wa maneno machache, na timu yake ilitwaa ubingwa wa Marekani mara 5 kati ya 1999 na 2014 akiwa nguzo yake.

Kocha wa Katuba

Asanteni sana. Swali la wale wakubwa wake bado linanisumbua. Atamsahihishaje anayemwita yaya?

Dada wa Kampemba

Wewe ndiye uwaone hao wakubwa kwanza, faragha, kabla ya kutangaza lolote, kwa sababu wakilisikia mbele ya wote litakuwa limewaaibisha na atakayelipa ni mtoto. Yule mwenye sauti kubwa kati yao mpe wimbo na ukelele wa kuingia uwanjani, tena mpe kwa heshima, isiwe kama kifuta machozi. Na msichana wako mfundishe kusahihisha kwa kuuliza: "Yaya, kizuizi chao kinachelewa upande huu, nikupe mpira mfupi?" Mkubwa anabaki mkubwa, na mpira unakwenda pale kapiteni alipotaka.

Kocha wa Katuba

Nitazungumza nao Alhamisi. Jumamosi tuna mchezo wa kirafiki na wasichana wa Ruashi, ataanza na sarafu na karatasi ya mchezo, bila hotuba. Mwamuzi, ule mstari wa kapiteni chini ya namba ya kifuani unatakiwa uwe na ukubwa gani?

Mwamuzi mstaafu

Sentimita 8 kwa 2, wa rangi tofauti na ya jezi. Kwa mchezo wa kirafiki hata utepe wa kubandika unatosha.