Naomba ushauri: fomu ya mwangalizi ikishasainiwa inaweza kusahihishwa?

Mwangalizi Mpya:
Wakuu salaam. Mimi ni mwangalizi wa uvuvi kwenye meli inayovua kamba wa baharini kwa wavu wa kukokota. Wavu ukipanda nahesabu kila kilichomo: kamba, samaki wa kutupwa, papa wadogo, kasa. Najaza fomu, nasaini, nahodha naye anasaini. Swali langu ni dogo tu. Fomu ikishasainiwa halafu ukagundua kosa dogo la hesabu, inaruhusiwa kusahihisha au unaiacha ilivyo? Tumetia nanga, zamu yangu inaisha kesho kutwa, na usingizi sipati.

Pweza Msomi:
Kosa dogo halimnyimi mtu usingizi. Kosa gani?

Ngalawa Bovu:
Kukokota kwenyewe ndiko kosa! Wavu unaburuzwa chini kama jembe, unang'oa majani na matumbawe, halafu nusu ya kilichopanda kinarudishwa baharini kikiwa mzoga. Indonesia ilipiga marufuku tangu 1980 (nyavu hizo zikarudi kwa majina mengine, lakini ilithubutu). Hong Kong ikafuata mwisho wa 2012. Wengine mnajaza fomu.

Mwangalizi Mpya:
Mkuu sijauliza habari za kukokota. Kosa ni kwenye kasa. Niliandika sifuri, walikuwa wawili.

Bi Tafakuri:
Sifuri na wawili si kosa la hesabu mwanangu. Huo ni uongo wenye saini.

Pweza Msomi:
TED ilikuwepo kwenye wavu? Kwa wasioijua: ni fremu ya nondo inayokaa kabla ya mfuko wa mwisho. Nondo zinaachana kama sentimita 10, kamba wanapenya, kasa anagonga, anateleza, anatokea mlangoni. Ikifungwa sawasawa, kasa 97 katika 100 wanatoka. Sasa wawili kwa mvuto mmoja wamebakije ndani?

Mwangalizi Mpya:
Ilikuwepo. Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa kamba. Ya nailoni, buluu, imepitishwa kwenye matundu ya wavu kama mtu aliyefunga kiatu, na fundo likageuziwa ndani. Nahodha anasema mlango ukiwa wazi kamba wote wanamtoroka.

Mzee Nanga:
Yaani kamba wamefungiwa kwa kamba ili kamba wasitoroke. Ngoja nikae vizuri 😂

Jodari Mweupe:
Hii imenikumbusha mbali. Nilikuwa kwenye meli ya mishipi mirefu, tunatafuta jodari. Siku moja akapanda kasa kanasa ndoana, kalegea, macho yamefumba. Vijana wakamshika kumrusha. Fundi mashine akasema wekeni chini. Akamlaza kifudifudi, upande wa nyuma akauinua juu ya tairi ili maji yatoke mapafuni, akamfunika gunia bichi. Sisi tunacheka, "fundi unamzika?" Tukala, tukalala zamu. Baada ya saa sita yule kasa akafumbua jicho moja, akanitazama mimi. Baadaye ndipo nikasikia kwamba ndivyo miongozo inavyotaka, na unaweza kumsubiri hadi saa 24. Tangu siku hiyo sijamtupa kasa aliyelala. Wako walikuwaje?

Mwangalizi Mpya:
Mmoja alikuwa anapiga makasia, tukamwachia. Wa pili hakutikisika. Nahodha akasema amekufa, akatupwa.

Jodari Mweupe:
Baada ya muda gani?

Mwangalizi Mpya:
Dakika mbili tatu.

Pweza Msomi:
Bado hujajibu kilicho muhimu. Kilichokufanya uandike sifuri ni nini? Hukutishwa, ungeshasema.

Mwangalizi Mpya:
Nahodha ni shemeji yangu. Kaka wa mke wangu. Kazi hii aliniunganishia yeye. Na kabla hamjanirukia: hata nikiandika, kasa harudi. Meli ikinyang'anywa kibali watu kumi na wanne wanakaa nyumbani. Nimeshamwahidi, na yeye ameahidi kuifungua ile kamba safari ijayo. Mimi naona limeisha. Nilitaka tu upande wa sheria.

Bi Tafakuri:
Lingekuwa limeisha ungekuwa umelala.

Pweza Msomi:
Upande wa sheria ni huu. Marekani tangu 1989 ina sheria ya kutopokea kamba waliovuliwa kwa njia inayoua kasa, mpaka nchi ithibitishwe kuwa ina kinga inayolingana na yao. India, Malaysia, Pakistan na Thailand zilikwenda kulalamika WTO, Shirika la Biashara Duniani, na hukumu ya rufaa ya 1998 ikasema kulinda kasa ni sababu halali, ubaya ulikuwa kwenye ubaguzi wa utekelezaji. Maana yake uthibitisho unasimama juu ya wavu kukaguliwa na fomu kama yako. Sifuri yako haiishii kwa shemeji.

Kaa Chonjo:
Wakuu, hii ni chai. Akaunti imefunguliwa leo. TED ipo, mgongano wa maslahi upo, shemeji yupo, kibali kipo, yaani hakuna kilichosahaulika. Hili ni swali la mtihani, "mshauri mwangalizi huyu, alama 20". Na mwangalizi gani anapangiwa meli ya shemeji yake?

Mzee Nanga:
Nilisema mimi. Kamba za baharini, kamba ya nailoni, na sasa anatupiga kamba.

Mwangalizi Mpya:
Majina ya ukoo ni tofauti na hakuna aliyeniuliza. Mkitaka amini, msitake acheni.

Ngalawa Bovu:
Awe mwanafunzi au mwangalizi, hoja yangu ya kukokota haijajibiwa.

Jodari Mweupe:
Kaa, mtu wa mtihani asingesema fundo liligeuziwa ndani. Hilo linafanywa ili mkaguzi akipita asilione. Nimeliona kwa macho yangu.

Kaa Chonjo:
Au kalisikia kwa mtu kama wewe.

Pweza Msomi:
Nitajibu hivyo hivyo, hata kama ni mtihani atapata alama. Usifute, usipake rangi nyeupe, usichane. Piga mstari mmoja, sifuri iendelee kusomeka, andika idadi sahihi pembeni, herufi za jina lako na tarehe. Eleza kwa maandishi kwa nini umebadilisha, na undugu wenu uutaje. Peleka kwa aliyekupanga, si kwa nahodha, na usimwonyeshe mkiwa bado melini.

Mwangalizi Mpya:
Tarehe ya leo au ya siku ile?

Pweza Msomi:
Ya leo.

Mwangalizi Mpya:
Kuna kisanduku cha hali: hai, amezimia, amekufa. Yule wa pili niweke nini? Sikumgusa.

Jodari Mweupe:
Andika hukumgusa.