Mrejesho: Mechi yangu ya sataranji na mchezaji wa Elo 1920

Wakuu, nilikuja kuuliza mwenye Elo (alama za kiwango cha mchezaji) 1520 amkabili vipi wa 1920, maana kwa hesabu za FIDE, shirikisho la sataranji duniani, pengo la pointi 400 linampa mwenye Elo ndogo matarajio ya alama 0.08 tu kwa mechi (ushindi ni 1, sare ni 0.5). Nimetoka sare, tena na kete nyeusi!

Aliyenielekeza ulinzi wa Philidor wa mwisho wa mchezo (mbinu ya kupata sare ukiwa na ngome tu dhidi ya ngome na askari), Mungu akubariki. Mwishoni mpinzani alibaki na ngome na askari mmoja, mimi ngome tu. Ngome yangu nikaigandisha safu ya sita (kuhesabu kutoka upande wake), mfalme wake akakosa pa kupita. Alipomsukuma askari kuingia safu hiyo, ngome yangu ikateremka mpaka safu ya kwanza, nikamtishia mfalme kwa nyuma mfululizo, hana pa kujificha. Mwenyewe akaomba sare. Asanteni sana.