Mrejesho: Baba na waya za ubongoni

Ahsanteni nyote mlionijibu. Kwa aliyepitwa: niliuliza kama baba yangu, mwenye Parkinson (ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukaza mwili), awekwe waya za umeme ubongoni, maana mkono wamtetema hadi kahawa inamwagika.

Tumemuona daktari wa mishipa ya fahamu hapa Mombasa. Alimpima baba kabla ya dawa, akampa levodopa, ndiyo dawa yenyewe ya Parkinson, tukangoja, akampima tena. Wallahi, mzee aliinuka kitini bila kushikwa, akagonganisha gumba na kidole cha shahada upesi upesi! Daktari akasema kwa kawaida kinachotulizwa na levodopa ndicho hutulizwa na waya, ila mtetemo waweza kutulia hata dawa ikishindwa. Ugonjwa wenyewe hausimami. Na wale waliosema ni majaribio tu: tiba hii ya kisasa ilianzia Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987.

Upasuaji bado kwanza. Vidonge vimepangiwa saa zake, mbali na nyama na maharagwe, kwani protini huzuia dawa isifyonzwe vizuri. Mimi nimeridhika, mama angali na hofu.

Mwenye mgonjwa aliyewekewa waya hizi na betri yake kifuani, tafadhali anieleze: kurekebishiwa umeme mwaenda wapi?